Ua la Memsahibu na Maji ya Kombe

Mimi mmea wa ndani ya nyumba siupendi, na wajukuu wangu wanalijua hilo. Wakiniletea chombo chenye majani yanayoning'inia, wakanitundikia dirishani ati ni pambo, nawashukuru, nawanywesha chai, na wakishageuza mgongo nakitoa uani kikakae na kuku. Wananiona mshamba. Hawajui kwamba nilipokuwa bibi arusi wa juzi, katika miaka ya hamsini, pale Chumbageni, niliishi nyumba moja na mmea uliokuwa ukijuliwa hali kabla yangu. Mke mwenza ningemvumilia, maana angalau angeosha vyombo.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Alikuwa mtu mwema, mpole wa sauti, hakunipiga wala hakuninyima. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kitu cha Kizungu kikipita mbele yake, alikuwa kama kuku aliyeona punje. Kabla hina ya arusi yangu haijafifia mikononi, alikuwa ameshaukata mkomamanga wa uani, mti uliopandwa na babu yake, akamwaga saruji ukuta kwa ukuta, kwa sababu uani kwa mkubwa wake hapakuwa na vumbi. Tukapata ua msafi usioota hata unyasi. Adhuhuri jua likiipiga ile saruji, mavyaa wangu, yaani mama yake mume, alilazimika kwenda chooni kwa kukimbia, pekupeku, huku akimlaani aliyeibuni.

Sasa kulikuwa na kiti. Pale ofisini makarani wote walikalia viti vya kawaida, na karani mkuu peke yake alikuwa na kiti cha mikono. Karani mkuu alikuwa mzee, karibu anarudi kwao kupumzika, na waliotazamiwa kukirithi kiti walikuwa wawili: mume wangu na karani mwenzake mmoja mwenye miwani. Mume wangu alikitaka kiti kile kama mtoto anavyotaka ziwa la mama. Jioni akikaa kwenye kiti chetu cha nyumbani, kisicho na mikono, aliviegemeza viwiko hewani, pembeni mwa mbavu, akazungumza nami hivyo hivyo mpaka mabega yakamuuma. Nilikuwa nikiingia jikoni kucheka.

Mkubwa wao akatangaza kwamba anakwenda livu, likizo yao ndefu, Ulaya, na kwamba atakaporudi ndipo atakapomtaja karani mkuu mpya. Wiki ile ile Memsahibu, mke wa mkubwa, aliingia ofisini amepakata bakuli la kaure lenye mmea, akasimama mbele ya meza ya mume wangu, akasema, "Nakuachia huu. Nikirudi nataka kuukuta mzima." Akaenda zake. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba meza ya mume wangu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango, na bakuli lilikuwa zito. Lakini yeye aliona kingine. Aliona kwamba amepewa mtihani, na kwamba kile kiti kimo ndani ya bakuli.

Alirudi nyumbani kwa miguu, saa ya jua kali. Kwa mwavuli aliufunika mmea, yeye utosi wake ukiungua. Barazani kote watu walisimamisha mazungumzo kumtazama. Aliingia ukumbini, akaliweka bakuli juu ya kigoda cha mama yake, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, jasho likimtiririka mpaka ndani ya soksi ndefu.

Wenyewe ulikuwa mmea wa shibiri moja, wenye majani ya mistari meupe na kijani, chini ya majani rangi ya zambarau, na vijitawi laini vilivyomwagika nje ya bakuli kama nywele za mtu aliyeamka. Memsahibu aliupata Amani, kwa Wazungu wenzake wa kule milimani.

Mavyaa alikuja akainama, akanusa.

"Una harufu?" akauliza.

"Hauna, mama."

"Unaliwa?"

"Hauliwi."

"Dawa ya nini?"

"Si dawa, mama."

"Basi umefanya jema gani hata ukabebewa mwavuli? Asumini inanukia na haijabebewa. Mimi nimekuzaa na sijabebewa."

"Mama," mume wangu akasema kwa sauti ya kubembeleza, "huu ndio kiti changu."

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na sheria. Ukumbini tusifagie kwa nguvu, vumbi litaudhuru. Dirisha tusilifunge, tusilifungue sana. Ubani wa Alhamisi jioni, ambao mavyaa alikuwa akiufukiza ukumbini tangu alipoolewa, uhamie jikoni, moshi usije ukauchusha mmea. Kigoda kisiguswe, na mavyaa, mwenye kigoda, akakalia jamvi. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipita ya tatu, akapita ya arobaini, na wenye nyumba ndio tulioshika jembe. Mimi katika kukigeuza kile kigoda ili jua lipate upande wa pili, kama nilivyoamrishwa, nilikivunja kijitawi kimoja. Kilikatika kwa kuguswa tu. Nilikisukuma kwa kidole cha mguu nyuma ya mtungi wa maji, nikaendelea na kazi zangu.

Hapo lazima niseme habari ya kombe. Mavyaa alikuwa mzaliwa wa Mwera, upande wa Pangani, na magoti yake yalikuwa yakimsumbua. Kila wiki mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu alimwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha aya zinaoshwa kwa maji yenye marashi, na mgonjwa anayanywa. Lakini sahani husuuzwa mara ya pili, isibaki hata nukta, na maji hayo ya kusuuzia hayamwagwi ovyo. Yameosha maneno ya Mwenyezi Mungu. Hayawezi kwenda mferejini, wala mahali pa kukanyagwa na miguu ya watu. Zamani mavyaa aliyamwaga kwenye shina la mkomamanga, na jirani zetu wote, ambao nyua zao zilikuwa njia za kuku na mbuzi, waliyaleta hapo hapo. Ule mti ulikuwa umekunywa kombe la watu ambao wengine wao walikuwa marehemu. Baada ya saruji, hatukuwa tena na ardhi isiyokanyagwa hata ya kufunikwa na kiganja.

Asubuhi moja mavyaa alisimama ukumbini, sahani yenye maji ya kusuuzia mkononi, akizungusha macho. Macho yakafika kwenye kigoda. Pale palikuwa na udongo. Udongo safi, uliotunzwa, usiopitwa na kuku, na kwa amri ya mwenye nyumba usioguswa na kiumbe chochote. Akasema bismillahi, akamimina.

Mimi nilidhani vita vitazuka jioni. Mume wangu alisikiliza, uso ukamnawiri.

"Maji ya kombe?" akasema. "Kila wiki? Mama, Mungu akuzidishie. Karani wa miwani atapata wapi baraka kama hizi?"

Basi ruhusa ikapatikana, na habari ikatembea. Ukaja msimu wa mafua na homa, kila nyumba ikawa na kombe lake, na kila kombe likawa na sahani yake. Walikuja mashoga wa mavyaa, walikuja mashoga wa mashoga wa mavyaa. Alikuja mke wa mwenye duka la kona, Muhindi, Mwislamu mwenzetu, ameshika sahani yenye maua ya dhahabu ukingoni, na yeye akashauri majani yapanguswe kwa maziwa. Mume wangu akayapangusa kwa maziwa. Tukapata nzi ambao hatukuwa nao. Bakuli la kaure lilikuwa halina tundu hata moja chini, kwa hiyo kila kilichoingia kilikaa humo, na baraka zilipanda mpaka ukingoni.

Nilimwambia mume wangu kwamba hata mtu mzima akinyweshwa hivyo atalala.

"Wewe hujui mambo ya mimea," akanijibu, yeye aliyeukata mkomamanga.

Mmea ukaanza kugeuka manjano. Kwanza jani moja, kisha tawi zima, kisha shina likalainika kama bamia iliyolala. Mume wangu aliuona ugonjwa, na dawa aliyoijua ya ugonjwa ni ile ile. Akaenda kwa mwalimu kuuombea mmea kombe lake wenyewe, kombe rasmi. Hakuthubutu kusema ni la mmea. Alinihadithia mwenyewe miaka mingi baadaye, tulipokwisha kuweza kucheka pamoja.

Mwalimu alikaa, akachovya kalamu katika zafarani, akauliza kama wanavyouliza, "Mgonjwa ni nani?"

"Ni wa nyumbani kwangu."

"Mkeo?"

"Hapana, maalimu. Ni mdogo."

"Mtoto! Alhamdulillahi, sikujua. Mama yake jina lake nani?"

Mume wangu akatafuta jibu ambalo si uongo mtupu, maana alikuwa mcha Mungu. "Mama yake," akasema, "yuko Ulaya."

Mwalimu aliandika akamaliza, na hakusema kitu. Mke wa mwalimu, aliyekuwa nyuma ya pazia, ndiye aliyesema. Kesho yake nilipokwenda bombani na ndoo yangu, wanawake walinipisha mbele ya foleni, jambo ambalo halijapata kutokea Chumbageni tangu bomba liwekwe. Mmoja akanishika bega.

"Pole, mwenzangu. Wanaume ndio walivyo. Lakini mtoto hana kosa."

"Mtoto gani?"

"Huyo chotara wa Kizungu. Anaendeleaje na homa?"

Nilirudi na ndoo nusu, maji yakinimwagikia kanga, na hasira iliyonipanda siku hiyo sijui niifananishe na nini. Nikasimama mbele ya kigoda nikautukana mmea kwa matusi ambayo mama yangu hakunifundisha. Mavyaa alinisikia kutoka jikoni. Akaja, nikamweleza, na yeye akacheka mpaka akakaa chini, magoti na yote. "Mjukuu wangu wa kwanza," akasema, akiupapasa, "na tazama, kichwa hakina nywele."

Hakina kweli. Siku chache baada ya hapo tawi la mwisho lilianguka, na kilichobaki bakulini kilikuwa tope linalonuka kama tui lililochacha. Mume wangu alirudi kazini, akalikuta. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alikaa kwenye jamvi la mama yake, kofia bado kichwani, akasema, "Basi. Kimekwenda." Chakula hakukigusa. Mavyaa alimwambia Mungu ndiye mpaji, akaitikia ndiyo mama, lakini machozi yalikuwa yakimtoka. Mwanamume mzima, mwenye hati nzuri kuliko wote ofisini, analia kwa sababu ya majani. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi, maana nilikuwa nimejiandaa kumcheka.

Niliinuka kwenda kumchotea maji ya kunywa. Mtungi wetu ulikuwa pembeni mwa ukumbi, umekalia mchanga wa pwani, na mchanga ule ulikuwa na unyevu wakati wote kwa jasho la mtungi. Nilipoinama na kata niliona kitu chenye mistari kinachungulia kutoka nyuma. Kile kijitawi nilichokisukuma kwa mguu kilikuwa kimeshika mizizi, kimetoa wenzake, wametambaa ukutani mpaka kwenye mkeka uliokunjwa. Kilikuwa kinene, kinang'aa, na rangi ya zambarau imekolea. Nyuma ya mtungi hakuna aliyekisalimia wala kukiombea dua, na hakuna aliyekipangusa kwa maziwa.

Nilimwita mume wangu. Alipiga magoti mbele ya mtungi kama mtu aliyeona kaburi la walii.

Safari hii sikumwachia. Niliutia katika chungu cha zamani kilichotoboka chini, nikauweka chumbani kwetu, kwenye dirisha la nyuma, na nikamwambia akiugusa atajipikia. Bakuli la kaure lenye tope nililiacha palepale juu ya kigoda, ili mavyaa na majirani waendelee kumwaga kombe lao kwa amani, na mkamwana nisije nikaonekana nimekataza jambo la dini. Wakamwaga, hakuna aliyeuliza mmea uko wapi. Walichokuwa wakikitaka tangu mwanzo kilikuwa udongo.

Mkubwa na Memsahibu wakarudi. Niliosha bakuli, tope lake nikaenda kulitosa baharini, nikaupanda mmea humo, mrefu kuliko ulivyokuja. Mume wangu alivaa kaptura iliyonyooshwa kwa makaa mpaka ikasimama yenyewe, akafungua mwavuli juu ya majani, akatoka. Mavyaa alimsindikiza kwa Fatiha. Mimi nilibaki barazani, na nakiri nilikuwa nimeshakiona kile kiti. Nilikuwa nimeshajiona naitwa mke wa karani mkuu pale bombani, badala ya mama wa kambo wa chotara.

Alirudi jioni, mwavuli kwapani, umekunjwa.

"Wamenisifu sana," akasema.

Nikamngoja.

"Memsahibu alipiga makofi. Akawaita wenzake waje kuuona. Mkubwa akasimama mbele ya ofisi nzima, akasema, huyu ana mkono wa mimea, hajapata kuona mtu mwenye mkono kama huu. Wote wakanipigia makofi."

"Na kiti?"

"Kiti amepewa wa miwani. Mkubwa amesema mimi nimeonesha ninachokiweza."

Mavyaa aliuliza mara mbili, akidhani masikio yake ndiyo mabovu. Kisha akasema shukrani ya punda ni mateke, akaingia chumbani kwake. Mume wangu akakaa kwenye kiti chetu. Jioni ile hakuviweka viwiko hewani. Aliilaza mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa, na mimi sikwenda jikoni kucheka.

Wangeishia hapo, ningesamehe. Joto la kaskazi lilipoanza, Wazungu wa mjini wakaanza kuondoka, huyu anakwenda livu, yule anakwenda Amani kupunga hewa ya baridi. Asubuhi moja, mume wangu yuko kazini, nikasikia magurudumu mlangoni. Hamali alikuwa amesimama na mkokoteni uliojaa makopo, mabakuli, vyungu na ndoo ndogo za rangi, na katika kila kimoja kitu kinaning'inia. Mbele kabisa, limefungwa kwa kamba lisiyumbe, lilikuwa bakuli letu la kaure.

"Salamu kutoka kwa Memsahibu na wenzake," akasema hamali. "Wamesema mumeo anajua. Wakirudi wanataka kuvikuta vizima."

Niliamuru avipange uani, juu ya ile saruji nzuri ya Kizungu, mstari kwa mstari. Alipomaliza hapakuwa na pa kuanikia hata leso. Nikasimama katikati ya vile vyombo, mikono kiunoni, nikiwaza. Mume wangu asipovitunza, watamwona mkaidi na kazi ataikosa. Akivitunza vizuri, basi huo ndio utakaokuwa ukarani wake mpaka anaingia kaburini: kuwanywesha maji majani ya watu, na wa miwani ameegemea. Akivitunza kwa moyo wake wote na bado vikafa, hapo nani atamlaumu, na nani atamletea tena?

Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni mwa uani, ameshika kizingiti, macho yamemtoka.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. "Udongo wote huo."

"Wote huo, mama," nikamjibu. "Na haukanyagwi. Waambie majirani."

Sikumkufuru Mungu, na anayesema nilikufuru aje tuulizane. Yale yalikuwa maji ya heshima, na yalikwenda mahali pa heshima, kama dini inavyotaka. Ndani ya siku chache walikuja watu kutoka mitaa ambayo sikujua kama inaumwa. Walikuja na sahani, na mabakuli, na mke wa mwenye duka akaja na maziwa yake. Wakapita kati ya mistari, bismillahi huku, bismillahi kule, na hakuna sahani iliyorudi na maji.

Alasiri moja mume wangu alirudi mapema akawakuta. Alisimama mlangoni mwa uani na kofia yake mkononi, na nilimwona anaelewa. Alitazama wanawake, akatazama vyombo vilivyofurika, akanitazama mimi. Nilijua akisema neno moja tu la kukataza, nitatii, na nitamtazama akimwagilia mpaka uzeeni.

Akavua viatu. Akaingia kati ya mistari, akiinama na kutia kidole katika kila udongo, kwa uangalifu ule ule ambao walimpigia makofi, mpaka akafika kwenye bakuli la kaure. Akakitoa kidole kikavu, akakitazama.

"Mama," akaita, "hili la huku bado halijapata."